TAHADHARI: 1050 Ti feki zinauzwa Mwanza, msitume hela

Wadau wa Mwanza, na ninyi wa Ukerewe, Sengerema na Bukoba mnaotuma hela kwanza mzigo ufuate: yule jamaa anayeuza kadi za grafiki za kompyuta, GTX 1050 Ti za "boksi halijafunguliwa", ni mwizi. Mnamfahamu, ni yuleyule aliyezitangaza juzi kwenye magrupu. Laki tatu na nusu yangu imekwenda, simu hapokei, na picha ya WhatsApp ameshaitoa.

Nianze na pale mezani kwake, maana ndipo anapowanasa watu. Mnara, yaani kasha la kompyuta, uko wazi, kadi imeshachomekwa, feni inazunguka. Anafungua Device Manager, orodha ya vifaa ya Windows, jina linasomeka "NVIDIA GeForce GTX 1050 Ti". Anafungua dxdiag, kipimo cha Windows chenyewe, kumbukumbu ya kadi ni megabaiti 4,000 na ushee. Anawasha gemu la San Andreas, gari linakata kona bila kukwama hata mara moja. Boksi lina nailoni, lina stika ya kung'aa, namba ya siri ipo. Nikahesabu noti nikampa.

Naona aibu kuandika hili, kwa sababu mimi ndiye mnayeniuliza kila siku kadi ipi inunuliwe. Na katika yote aliyonionyesha, hakuna hata moja lililothibitisha kitu. Jina na ukubwa wa kumbukumbu vinatoka kwenye baiosi ya kadi (programu iliyomo ndani yake) na draiva, na vyote viwili vinachezewa. San Andreas ni gemu la 2004. Grafiki ya ndani ya prosesa ya Core i5-6500 inalibeba bila kadi yoyote. Mashine yake haikuwa na intaneti, nikadhani bando limemwishia. Kumbe ni makusudi, ili Windows isishushe draiva mpya mbele ya mteja. Hata bei haikuwa ya kutupa, ingekuwa laki na nusu ningeshtuka. Huyu amepanga kila kitu, hajakosea bahati mbaya.

Nyumbani, draiva mpya kutoka NVIDIA, wenye chipu hizi, ilileta skrini ya bluu. Nikaifuta, nikarudia: Code 43, yaani Windows imeikataa kadi. Nikafungua GPU-Z, programu ya kusoma chipu halisi ya kadi, na mbele ya jina kuna neno [FAKE]. Chipu GF106, teknolojia ya nanomita 40, shaders (viini vya kuchora picha) 192. Hiyo ni GTS 450 ya mwaka 2010, imevalishwa jina! 1050 Ti halisi ni GP107, nanomita 14, shaders 768, GB 4 za kumbukumbu ya GDDR5. Na hizo GB 4 za kwenye kadi yake ni uongo pia, iliyomo ni GB 1. Gemu likivuka hapo picha inachafuka rangi, kisha mashine inaganda. Mtu asiyejua ataanza kubadilisha ramu, atapiga Windows upya mara tatu, atalaumu umeme wa kukatika, kumbe tatizo ni kadi tangu siku ya kwanza.

Tena kadi ina tundu la pini 6 la waya wa umeme kutoka pawa saplai. Akaniambia "hii ni toleo la kuongezwa kasi", na kweli 1050 Ti halisi za namna hiyo zipo, ndiyo maana nilikubali. Lakini ya kawaida inakula wati 75, zote kutoka kwenye sloti inapochomekwa, haihitaji waya. GTS 450 inakula 106, bila waya haiendi. Wenye kompyuta za Dell OptiPlex 7040 za mnara, pawa saplai yenu ni wati 240 na haina waya huo, kwa hiyo atawauzia na pawa saplai yake ya "wati 500". Someni stika ya ubavuni: 12V, ampea 18. Zidisha, ni wati 216, siyo 500. Na pawa saplai hiyo ya saizi ya kawaida haiingii kwenye OptiPlex bila adapta, kwa sababu plagi za Dell ni za kwao wenyewe.

Mtu wa namna hii apelekwe polisi, na mzigo wake wote uchukuliwe. Kuna vijana wanadunduliza mwaka mzima kwa kuuza dagaa ili wapate mashine moja, naye anawapa taka ya 2010. Asamehewe kwa lipi? Bidhaa bandia ni kazi ya FCC, Tume ya Ushindani, na mimi nawapelekea.

Mkienda kununua, kwa yeyote: wekeni GPU-Z kwenye flashi, haihitaji kusakinishwa, ifunguliwe mbele ya muuzaji kabla ya hela kutoka. Akikataa, ondokeni. Angalia tundu za nyuma pia. 1050 Ti halisi haina tundu la VGA, lile la skrini za zamani, NVIDIA waliondoa analogi kwenye kizazi hicho chote. Hii ya kwangu inalo, la buluu, nililiona na nikafurahi kwamba litafaa kwa skrini yangu. Na kisanduku cha Vulkan (mfumo wa grafiki ambao 1050 Ti halisi inaukubali, GTS 450 haiukubali) kwenye GPU-Z kikiwa hakina tiki, acha. Risiti iwe ya EFD, mashine ya kodi, na namba ya kadi iandikwe; mimi nilipewa karatasi ya mkono.

Kama na wewe alikuuzia, usiitupe kadi wala boksi. Nitumie picha ya GPU-Z na ujumbe wa muamala, nakusanya zote hadi Ijumaa.