Elfu thelathini kwa saa: nilikwenda kwa mshauri nasaha kabla ya kupanda Rombo

Mimi ni fundi cherehani, niko Mabibo. Desemba kwangu haina sikukuu, ina foleni. Kila mteja ni "fundi, kabla ya tarehe 20, nasafiri", na mimi mwenyewe nasafiri, maana mume wangu ni Mchagga wa Rombo na Krismasi lazima tupande. Mwaka jana nikaanza kuamka saa nane usiku, moyo unadunda kama overloku, nahesabu: nauli za watu watano, ada ya Januari, kodi ya miezi sita ya kibanda, blanketi la mama mkwe. Siku niliyokata kitenge cha mteja nikapata mikono miwili, yote ya kushoto, nilikaa chini nikalia. Binti wa saluni jirani ndiye aliyenielekeza kituo kimoja cha ushauri nasaha, Sinza. Sikitaji jina kwa sababu nina lawama.

Lawama yenyewe ni kuta. Chumba kina viti viwili, feni na boksi la tishu, lakini kilichokitenga na benchi la kusubiria ni mbao nyembamba tu. Nikiwa nasubiri nilimsikia kaka wa watu akieleza mikopo yake yote ya kausha damu, mpaka kwa siku anadaiwa shilingi ngapi. Zamu yangu ilipofika nikawa nanong'ona, mshauri akasema, "Mama, sikusikii." Unalipa elfu thelathini, bima hawapokei, halafu unanong'ona!

Ila huyo dada anaijua kazi yake. Nilitegemea aniambie nisali, ninywe maji, nifanye mazoezi. Akaniuliza napeleka nini Rombo. Nikatoa daftari la vipimo, nikaandika ukurasa wa nyuma, vikafika vitu kumi na tisa. Akaweka kalamu kwenye cha kwanza: "Hiki kakuomba nani?" Mchele kilo 25: hakuna aliyeomba. Blanketi: mama mkwe alilitaja mwenyewe. Mchango wa mbuzi: umepangwa kwenye grupu la ukoo. Mashati saba ya kufanana ya watoto wa shemeji: hakuna! Nilishona mwaka 2021, nikasifiwa, basi nikajifunga nayo mpaka leo. Tulipofika mwisho, vilivyoombwa vilikuwa sita. Nilicheka, halafu nikakasirika, na sijui nilimkasirikia nani.

Mara ya pili nilikalishwa dakika arobaini bila hata pole. Siku hiyo tulifanya mazoezi ya kumwambia mume wangu, mshauri akiwa mume. Aliigiza vibaya. Alisema, "Nimekuelewa mke wangu." Wangu husema "sawa" akaongeza sauti ya redio, na ndivyo alivyofanya nilipomwambia nyumbani. Lakini mchele haukununuliwa.

Kitu kingine nilichompendea, hakujifanya daktari. Aliniuliza waziwazi kama kuna siku natamani nisiwepo. Nikasema hapana. Akasema ikifika huko, au usingizi ukikata kabisa, nisimsubiri yeye, niende hospitali, hata Muhimbili wana madaktari wa afya ya akili.

Sijapona kama mtu aliyemeza dawa ya kichwa. Saa nane za usiku zimebaki, ila kutoka kila siku zikawa mbili kwa wiki. Mashati sikushona. Kule Rombo, jikoni, wifi akauliza, "Mwaka huu watoto hawana sare?" Nikamwambia, "Nilichoka, wifi." Maneno hayo nilikuwa nimeyafanyia mazoezi basi zima, toka Mbezi mpaka Korogwe. Akanitazama, akarudi kukoroga mtori. Yakaishia hapo.

Lawama ya mwisho: wanafunga tarehe 20 Desemba mpaka baada ya wiki ya kwanza ya Januari. Yaani wakati ule ule watu wamebanana na ndugu, na kodi inagonga mlango. Niliwatumia ujumbe tarehe 2, nikajibiwa tarehe 8.

Nawapa nyota tatu na nusu. Mshauri anastahili tano zake zote, hiyo moja na nusu nimeikata kwa ajili ya zile mbao. Ukienda, omba saa tatu asubuhi, benchi likiwa bado tupu.