Pikapu ipi ununue: D-Max, Hilux, Ranger, Triton au Navara?

Ukisoma vipeperushi vya pikapu za tani moja zinazouzwa siku hizi, karibu zote zinajisifu kwa namba ileile: kuvuta kilo 3,500. Hilux, Ranger, D-Max, Amarok, Navara, na Triton mpya pia. Anayechagua kwa namba hiyo bado hajachagua kitu. Tofauti zipo, tena kubwa, ila zimejificha kwenye injini, kwenye springi za nyuma, na kwenye namba moja ya maandishi madogo ambayo wauzaji wengi hawaitaji mpaka uwaulize.

Nimezipanga hapa kwa ajili ya mtu anayetaka gari la kazi: dizeli, kabini mbili, 4x4, la kukaa nalo miaka mingi. Kwa anayebadilisha gari kila baada ya miaka mitatu mpangilio hauwi huu, na nitaonyesha unapogeuka.

Piga hesabu ya tela kwanza

Kila pikapu ina vipimo vitatu vya uzito. Kuna uzito wa gari likiwa tupu, kuna uzito wa juu wa gari pamoja na kilichopakiwa, na kuna uzito wa juu wa gari na tela vikiunganishwa. Hicho cha tatu ndicho kinachoumbua vipeperushi.

Tuchukue mfano. Pikapu tupu ina kilo 2,100. Gari na tela kwa pamoja havitakiwi kuzidi kilo 5,850. Ukifunga tela la kilo 3,500, gari lenyewe limebakiwa na kilo 2,350 tu. Toa zile 2,100 za gari tupu, zinabaki kilo 250 za watu, vifaa na mizigo. Wakishapanda watu wazima watatu na mabegi yao, umemaliza. Ile tani moja uliyoahidiwa kwenye bodi haipo tena.

Halafu tela halivutwi tu, linalala pia juu ya ndoano. Kwa kawaida hulala kama asilimia 10 ya uzito wake, yaani kilo 350 kwa tela hilo. Na kwa sababu ndoano iko nyuma kabisa ya ekseli, uzito huo hukandamiza springi za nyuma na kunyanyua pua ya gari. Dereva anahisi usukani umekuwa mwepesi, na breki za mbele, zinazofanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha gari, zinapoteza mshiko. Hapo gari limeanza kuendeshwa na tela.

Kwa pikapu za daraja hili, mimi siwezi kumshauri mtu avute zaidi ya kilo 2,500 kila siku, hata kama kitabu kinaruhusu. Tela likishakuwa zito kuliko gari linalolivuta, mteremko wenye kona na mvua hautakupa nafasi ya pili. Muulize muuzaji uzito wa gari na tela kwa pamoja, kisha uhakikishe mwenyewe kwenye kitabu cha gari.

1. Isuzu D-Max 3.0

Hii naiweka juu, na sababu ni injini. Dizeli ya lita 3.0 ya Isuzu, silinda nne, kwenye toleo lililotoka 2019 inatoa nguvu ya farasi 190 na niutonimita 450 za nguvu ya kusokota, ile inayovuta mzigo. Kuna injini za lita 2.0 zinazozidi hapo. Lakini injini kubwa inayofanya kazi bila kukamuliwa hudumu, na mtangulizi wake, ile 4JJ1, ilifungwa pia kwenye malori madogo ya kampuni hiyohiyo. Taimingi yake, yaani mfumo unaopanga valvu zifunguke na kufunga kwa wakati, inaendeshwa na cheni, kwa hiyo hakuna mkanda wa kukumbuka kubadilisha. Kwenye mlima, ukiwa na tela, inapanda kwa mizunguko ya chini bila kelele za kukata tamaa, na kipimo cha joto kinatulia mahali pake.

Kasoro yake ni starehe. Springi za nyuma zimetengenezwa kwa ajili ya mzigo, na gari likiwa tupu kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi, mkia unacheza. Weka kilo 200 kwenye bodi, ni gari jingine kabisa. Injini nayo inasikika ndani kuliko ya Ranger.

Mambo mawili kwa mnunuzi. Ile D-Max ya lita 1.9 si gari baya, ina niutonimita 350 na inatosha kwa mizunguko ya kawaida, ila usiinunue kwa ajili ya tela zito. Pia Mazda BT-50 ya kuanzia 2020 ni D-Max iliyovalishwa umbo jingine la nje, kwa hiyo ukiipata kwa masharti mazuri, chukua. BT-50 ya miaka ya nyuma, kuanzia 2011, ilikuwa ndugu wa Ranger. Wanunuzi wengi wa magari yaliyotumika huchanganya hapa, wakaagiza vipuri visivyoingia.

2. Toyota Hilux 2.8

Jina hili liko barabarani tangu 1968, na sifa yake imepatikana kwa haki. Vipuri vinapatikana kirahisi, mafundi wanaijua kwa kugusa, na siku ukitaka kuiuza hutamtafuta mteja. Injini ya 2.8 ilipoanza 2015 ilikuwa na nguvu ya farasi 177. Mwaka 2020 ikapandishwa hadi 204 na niutonimita 500, na springi zikarekebishwa ili zisipige mgongo kama zamani. Ukitafuta iliyotumika, ongeza subira upate ya baada ya mabadiliko hayo. Tofauti inaonekana ukikanyaga mafuta tu.

Kwa nini basi haiko ya kwanza? Kwa sababu ya chujio la masizi kwenye bomba la moshi. Chujio hili hukusanya masizi, kisha kompyuta ya gari huliunguza kwa joto kali ili lijisafishe. Kwenye magari ya dizeli ya Toyota yaliyouzwa Australia kati ya Oktoba 2015 na Aprili 2020, ikiwemo Hilux, mfumo huo ulikuwa na kasoro, na mahakama ya huko iliamua mwaka 2022 kuwa wateja walistahili fidia. Ni magari zaidi ya 260,000. Kwa hiyo kama Hilux unayoiangalia ni ya miaka hiyo na ina chujio, dai karatasi za matengenezo. Moshi mweupe mzito na taa ya chujio inayojirudia si mambo ya kusamehe. Na kama safari zako zote ni fupi fupi za mjini, dizeli yoyote yenye chujio hili itakusumbua, iwe ya kampuni gani, kwa sababu bomba halipati muda wa kupata joto la kutosha.

Uendeshaji wake unataka heshima. Mwaka 2016 jarida la Teknikens Värld la Sweden liliijaribu kwa kukwepa kizuizi ghafla, na magurudumu ya upande mmoja yakanyanyuka. Pikapu zote zina kimo kirefu na hazipendi kukatwa kona ghafla, hasa zikiwa zimebeba.

3. Ford Ranger na Volkswagen Amarok

Kama unabadilisha gari kila baada ya miaka mitatu, hii ndiyo namba moja yako. Kwa starehe, Ranger ya 2022 imeziacha nyingine mbali, na ukichungulia chini ya gari utaona sababu mojawapo: shokapu za nyuma zimesogezwa nje ya reli za chasisi, karibu zaidi na magurudumu, kwa hiyo zinalidhibiti gurudumu pale linapopiga shimo. Springi ni zilezile za bapa, yaani vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, lakini abiria wa nyuma anaweza kusinzia.

Ukipata ya V6, dizeli ya silinda sita, lita 3.0, yenye niutonimita 600 na gia 10 za otomatiki, umepata pikapu bora ya kuvutia tela katika kundi hili. Inatulia, haihangaiki kutafuta gia. Amarok ya sasa ni gari hilohilo kwa mifupa, inatengenezwa na Ford kwenye kiwanda cha Silverton, Afrika Kusini, na tofauti kubwa ziko kwenye sura na mpangilio wa ndani. Amarok ya zamani yenye V6 ilikuwa gari tofauti, ya Volkswagen wenyewe, na bado ni tamu kuendesha.

Kilichoishusha Ranger ni injini ya lita 2.0. Ina nguvu nyingi kwa ukubwa wake, lakini mkanda wake wa taimingi umekuwa ukizunguka ndani ya oili. Oili isiyo sahihi, au iliyocheleweshwa, huutafuna mkanda huo, na vipande vyake vinaweza kuziba njia ya oili. Mwenye kufuata ratiba ya matengenezo bila kukosa anapunguza sana hatari hiyo. Mwenye kumwaga oili yoyote iliyopo dukani ananunua kilio. Na ukinunua Ranger ya zamani yenye 3.2 ya silinda tano, injini ngumu na nzuri, mwambie fundi wako asiiache ikiwa imemwagwa oili kwa muda mrefu. Pampu ya oili ikikauka inaweza kushindwa kuvuta tena, na injini ikawashwa bila oili.

Usinunue Raptor, toleo la Ranger la mbio za vumbini, kwa ajili ya tela. Springi zake za koili, zile za waya mnene uliozungushwa, zimewekwa kwa ajili ya kukimbia kwenye vumbi, na uwezo wake wa kuvuta ni kilo 2,500.

4. Mitsubishi Triton, au L200

Sifa yake kubwa ni mfumo wa Super Select, unaokuruhusu kutumia 4x4 hata kwenye lami kavu, kitu ambacho kwa pikapu nyingi za kazi kinaharibu mfumo wa magurudumu manne. Kwenye lami yenye mvua na tela nyuma, huo ni usalama wa kweli. Inakata kona kwa urahisi pia. Toleo lililotangulia hili la 2023 lilikuwa na kilo 3,100 za kuvuta, na bodi yake ilitokeza sana nyuma ya ekseli. Mzigo mzito ukikaa mwishoni mwa bodi na tela likaning'inia, chasisi inabeba mkazo usio wa kawaida. Panga mzigo mbele, karibu na kabini.

5. Nissan Navara

Ile iliyoanza 2014, katika masoko mengi, ina springi za koili nyuma badala ya bapa, na ikiwa tupu inapita vizuri kuliko nyingi. Matoleo ya mwanzo yalikaa chini haraka yakipakiwa, ndiyo maana Nissan walizirekebisha springi hizo baadaye. Kwa familia yenye mizigo ya wastani, inafaa. Ila ile ya kuanzia 2005, yenye 2.5, ikague mno: cheni ya taimingi ilikuwa tatizo, na Uingereza kuna zilizooza chasisi mpaka zikakatika katikati.

Vipi zile kubwa za Marekani?

Kama tela lako lina kilo 4,000, achana na tano hizi. Ford F-150 yenye vifaa sahihi huruhusiwa kuvuta zaidi ya kilo 6,000, na Ram 1500, yenye springi za koili nyuma tangu 2009, ndiyo laini zaidi kati yao. Nyingi ni za petroli na zinataka barabara pana.

Kabla hujalipa

Lala chini ya gari ukiwa na tochi. Angalia springi za nyuma: bapa lililopasuka huonyesha mstari wa kutu mwembamba, na shekeli zilizolika, yaani viungo vinavyoshika ncha za springi kwenye chasisi, hucheza ukizisukuma kwa mkono. Tazama pale ndoano ilipofungwa kwenye chasisi. Rangi iliyochubuka, matundu yaliyopanuka au kulehemu kupya maana yake gari limevuta vitu vizito, hata kama muuzaji anakana. Halafu liendeshe likiwa na mzigo, maana pikapu tupu haikwambii kitu. Kwa gia za otomatiki, mwombe fundi atoe oili kidogo ya giaboksi. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, hilo giaboksi limepikwa na tela, na kubadilisha oili hakutalirudisha. Tafuta gari lingine.