Filta ya oili niliyouziwa Malindi, na radhi niliyoomba bure

Oili yenyewe sina neno nayo, niseme hilo mapema. Ama ninalo, sijui, ntalirudia huko mbele maana kila nikikaa nikifikiri nabadilisha mawazo. Hasira yangu iko kwa filta, na iko kwa yule kijana wa kaunta kwenye duka la spea hapa mjini Malindi, na duka silitaji, wenye kununua spea hapa watalijua wenyewe wakisoma. Imeshapita wiki kadhaa, nilidhani moyo utapoa, wapi, kila nikipita ile njia nahisi kifua kinajaa.

Mimi nina Probox, gari la Toyota la kubebea mizigo midogo, naipakia bidhaa za maduka, unga, sabuni, mafuta ya kupikia, napeleka Mambrui, Gongoni mpaka Marereni kule kwa watu wa chumvi. Ndio kazi yangu na ndio inalipa skuli ya watoto. Sevisi ya oili nafanya mwenyewe uani kwangu na sikuanza jana. Marehemu babangu alikuwa dereva wa lori, alinifundisha nikiwa msichana, spana kumi na nne ya bolti ya sampu (lile karai la oili chini ya injini), wosha mpya kila ukifungua, filta mpya ipake oili kidogo kwenye raba, ikaze kwa mkono, raba ikigusa ongeza robo tatu ya mzunguko bas, usiingize spana. Namna hiyo nimefanya miaka na sijawahi kuona tone chini ya gari. Nasema haya sio kujisifu, nasema ili mjue nilivyoumia.

Siku ile niliingia dukani kama kawaida yangu, nikataka oili ya 5W-30 lita nne na filta. Kijana akaniangalia juu mpaka chini. Akaniuliza, "Mama, nani amekutuma?" Nikamwambia sijatumwa, gari ni yangu. Akacheka akamgeukia mwenzake. Bas akaanza kunieleza ati 5W-30 ni maji, Pwani kuna joto, chukua 20W-50, watu wote wa Probox wanatumia hiyo. Hili jambo la oili nzito nalisikia kila siku na linanikera, kwa hivo nitalisema hapa kidogo. Ile namba ya mbele yenye W ni ya oili ikiwa baridi, unapowasha gari asubuhi. Namba ya nyuma ndio uzito wake ikiwa imepata moto, na inapimwa kwa nyuzi 100. Sasa injini ikishachemka ina thermostati yake inayolizuia joto lake pale pale, uwe Malindi uwe Limuru kwenye baridi, joto la nje halibadilishi mambo kiasi hicho watu wanavyodhani. Na hizi injini za Toyota za VVT-i zinatumia presha ya oili hiyo hiyo kusogeza kamshafti (chuma kinachofungua valvu) mbele na nyuma kidogo, njia zake ni nyembamba, ukitia uji ambao hata haukuandikwa kwenye kitabu cha gari lako unajitafutia. Injini iliyochoka inayokula oili hiyo ni habari nyingine, yangu haijachoka.

Nilipokataa akaniletea debe jingine, "hii basi, ni kali kuliko zote". Nikaligeuza nyuma nikasoma alama ya daraja la oili, limeandikwa CF-4. Hiyo C ni ya dizeli. Petroli inaanza na S, SN ile ya tangu 2010 ama SP iliyokuja 2020. Nikamwonyesha kwa kidole. Hakusema pole wala ah nimekosea, alilirudisha akalibwaga kwenye shelfu, akasema "wewe mama unajua sana". Mwisho nikapata 5W-30 yenye SP, nikaridhika nayo.

Ikaja filta. Boksi lilikuwa na jina kubwa la kijapani na namba inaanza na 90915 kama inavyotakiwa, lakini rangi zilikuwa zimefifia kama boksi limekaa juani, na stika ya KEBS, wale wakaguzi wa ubora wa bidhaa Kenya, hakuna. Nikataka nifungue niione. Akanishika mkono! Wallahi alinishika mkono, akaniambia filta haifunguliwi kabla ya kulipa, ukifungua umenunua. Nikamwambia kijana, nataka kuangalia raba na kugeuza nione ndani, boksi litabaki zima. Akasema hapana, sheria ya duka. Nyuma yangu watu wamejipanga, mmoja anasema mama tuna haraka. Nikalipa. Hapo ndipo nilipokosea na hapo ndipo nawaambia na nyinyi, msilipe. Duka linalokataa usiangalie filta linajua kilichoko ndani.

Kazi niliifanya jioni ile ile. Nikawasha gari dakika mbili tatu ipate uvuguvugu, nikaipandisha kwa jeki nikatia na mawe chini (jeki peke yake usiingie chini ya gari hata kwa mchezo), nikamwaga, nikatoa filta ya zamani. Nikahakikisha raba ya zamani imetoka nayo, maana ikibaki imegandana kwenye injini ukafunga nyingine juu yake zinakuwa raba mbili na oili itaruka. Ilitoka. Nikapaka, nikakaza, nikatia lita tatu na nusu na ushei, nikawasha, nikaangalia chini na tochi, pakavu. Oili chafu nikampa jirani anayepaka nguzo za ua wake kuzuia mchwa. Nikalala raha mstarehe.

Asubuhi nikapakia nikaondoka. Nimevuka daraja la Sabaki naanza kusikia harufu kama ya oili inaungua, nikasema labda ni ile iliyomwagika kidogo jana. Nimepita Mambrui, mbele kuna ng'ombe wanavuka, nikapunguza mwendo, na kile kibirika chekundu kwenye dashibodi kikawaka. Nikazima injini hapo hapo na gari bado inaserereka. Kibirika kile hakikwambii "ongeza oili ukifika". Kinakwambia presha hakuna, vyuma vinasagana sasa hivi. Wako wanaosukuma mpaka mji unaofuata halafu wanalia injini imekufa.

Nilishuka nikachungulia, chini kote kumelowa, kuanzia filta mpaka nyuma. Dipstiki kavu. Nikasimama kwenye jua lile na unga wa watu ndani, sina hata kivuli. Mwenye pikapu wa Gongoni alinionea huruma akanivuta kwa kamba mpaka nyumbani, Mungu amlipe, hakutaka hata pesa ya chai. Wateja wangu wawili siku ile walinunua kwa mwingine na mmoja mpaka leo hajanirudia.

Sasa sikilizeni sehemu inayonichoma. Usiku ule sikulala nikijilaumu. Nilijiambia umezeeka mama, umekaza vibaya, mkono hauna nguvu, baba angekuona angesemaje. Asubuhi nikapanda tuktuk nikarudi duka lile lile kununua filta nyingine. Kijana aliponiona, kabla sijasema, akasema kwa sauti, duka zima linasikia, "Si nilijua! Kazi ya gari peleka kwa mafundi, nyinyi kazi yenu tunaijua." Watu wakacheka. Na mimi nikamwambia samahani mwanangu, nisamehe kwa juzi, nilikuwa mjuaji. Nilimwomba radhi! Mtu aliyeniuzia takataka nilimwomba radhi mbele za watu, nikamlipa mara ya pili kwa takataka ile ile, na akaniongezea nasaha.

Kufika nyumbani, ami yangu mmoja tunakaa naye karibu, alikuwa makanika miaka mingi na sasa macho yamepungua kidogo lakini mikono bado, akaniona nataka kufunga ile mpya akasema ngoja kwanza, usifunge, ile ya jana iko wapi? Ilikuwa bado kwenye gari. Akapapasa kwa kidole akasema raba imekaa sawa hii, umekaza vizuri. Tukatia oili lita mbili, akaifuta filta yote kwa kitambaa mpaka ikang'aa, akaniambia washa, nikishusha mkono zima. Akamulika. Niliwasha haikufika nusu dakika akashusha mkono. "Njoo uone mwenyewe."

Oili ilikuwa inatokea kwenye mshono, pale bati la kopo linapokunjwa kushikana na kile kisahani cha chini chenye matundu. Kwenye raba kukavu kabisa. Filta yenyewe ilikuwa imefunguka mshono! Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kukaza ukaziba mshono wa bati. Hata angefunga fundi mkuu wa kiwanda ingevuja. Nilikaa chini pale pale kwenye mchanga.

Ami akaleta msumeno wa chuma. Tukazikata zote mbili, ile iliyovuja na ile mpya, na tukakata na yangu ya zamani niliyoiagiza Mombasa ile safari iliyopita, bado ilikuwa kwenye ndoo. Tukazipanga kwenye gazeti. Ile ya Mombasa karatasi yake imekunjwa mikunjo mingi sawa sawa, imebana, ina ile raba laini ndani inayozuia oili isirudi chini gari ikizimwa, na valvu yenye springi ambayo karatasi ikiziba inafunguka ili injini isikose oili. Hizi mbili za yule kijana, subhanallah, karatasi mikunjo michache imelala upande mmoja, gundi imetapakaa, ukivuta inachanika kama karatasi ya kufungia mahamri. Raba ya ndani ngumu kama plastiki, haikai popote. Moja springi ilikuwepo imelegea, nyingine hakuna kabisa, pametiwa kibati tu. Ami aliangalia akasema neno moja ambalo siwezi kuliandika.

Ukizishika mkononi pia utajua. Ile nzuri ni nzito. Hizi ni nyepesi kama kopo tupu la maziwa. Ndio maana nasema akuruhusu ufungue boksi! Sekunde kumi tu, uishike, uchungulie kwenye matundu uone raba ya ndani kama ni laini, ubonyeze raba ya nje kwa ukucha.

Kuhusu oili sasa. Mwanzo niliandika sina neno nayo, na kweli ina SP yake, kifuniko kilikuwa na muhuri, harufu sawa, injini siku ile ilitulia vizuri. Lakini najiuliza, duka linalouza filta namna ile, debe lake nitaliamini vipi? Kuna mafundi wanasugua oili vidoleni wanakwambia safi hii ama feki hii. Wanadanganya, vidole haviwezi kujua. Wengine wanasema ikiwa nyeusi mapema ni mbaya, na hiyo pia si kweli, oili nzuri inasafisha injini inabeba masizi ndani yake ndio maana inageuka rangi. Kwa hivo mimi sina njia ya kujua, na kutojua huko ndiko kunaniudhi zaidi. Nilichofanya ni kuimwaga yote, hata zile lita mbili za majaribio, oili ya elfu nne na kitu, nikaanza upya na oili na filta niliyoletewa kwa matatu kutoka Mombasa. Ami alisema naharibu pesa. Huenda ni kweli. Huenda oili ilikuwa nzima kabisa na nimeidhulumu. Leo nikiulizwa ntasema oili nyota nne, kesho ntasema sijui.

Filta nyota sifuri. Kijana yule sijui nimpe nini.

Nimeambiwa mwenye duka ni mzee mstaarabu, huwa haji ila Jumamosi, na wanaomjua wanasema hajui kinachouzwa mgongoni mwake. Inawezekana, watu wazuri wanaharibiwa jina na vijana wao kila siku. Nitaenda. Filta zote tatu nimezifunga kwenye gazeti lile lile, ziko chini ya kiti cha dereva, na nitazipanga juu ya kaunta mbele ya wateja wake na mbele ya kijana wake, halafu nitasubiri nione nani ataniomba radhi. Akinirudishia pesa nitachukua. Asiponirudishia zitabaki pale pale kwenye kaunta, mimi nyumbani kwangu hazirudi.