Kikoni au Wandegeya: mwaka mmoja kando ya Makerere
Mitaa yote miwili, Kikoni na Wandegeya jijini Kampala, inategemea Makerere, chuo kilichoanza 1922, lakini mwaka uliopita umenionyesha tofauti yake. Wandegeya hailali. Usiku wa manane bado utamkuta muuza rolex akivunja mayai kwenye kikombe, anakoroga na kabichi na nyanya, anamwaga kwenye kikaango, kisha anaviringisha ndani ya chapati moto. Kula ni rahisi, kusoma ndiyo kazi, kwa kelele za boda boda za Bombo Road. Kikoni, upande wa magharibi wa chuo, hosteli zimebanana. Muhula ukiisha wateja hupotea na wenye maduka huumia kweli. Mdogo wangu akianza chuo, nitampeleka Kikoni. Wandegeya atakwenda kula.