Mwani sugu kwenye tangi la samaki: kabla ya dawa, nunua taima yenye betri

Kila wiki WhatsApp yangu inaletewa picha ileile. Tangi la Nyegezi, la Bwiru, la Igoma, hapahapa Mwanza: kioo kimevaa kijani, majani yameota manyoya, na swali ni moja, "Dada, dawa gani inaua hiki kitu?" Dawa nitazipanga, msijali. Ila namba moja yangu si dawa.

1. Taima ya kidijitali yenye betri ndani

Mwani unaishi kwa mwanga. Tangi la mimea linatosheka na taa kwa saa sita hadi nane kwa siku, na huku kwetu karibu na ikweta dirisha nalo linaleta la kwake mwaka mzima. Hilo wengi mnalijua na taima mnazo. Shida ni umeme kukatika.

Ile taima ya duara yenye vijino vya dakika 15 inazungushwa na umeme huohuo wa ukutani. Umeme ukipotea kwa muda wa saa tatu, nayo inasimama, kisha unaporudi inaendelea pale ilipoishia. Taa uliyoipanga izime saa mbili usiku sasa inazima saa tano. Ukikatika tena keshokutwa, inazidi kusogea. Tangi linashinda na mwanga wa dirishani mchana kutwa, halafu linakesha na taa wakati wewe umelala, na asubuhi unailaumu mbolea. Za kidijitali zisizo na betri ni balaa zaidi: umeme ukirudi zinaanza sifuri na ulichopanga kimefutika. Soketi za waifai nazo, nyingi haziijui saa mpaka ruta iamke na bando liwepo.

Kwa hiyo dukani usiulize rangi wala wati. Mwambie muuzaji aichomeke kwa muda, kwa sababu mpya huwa haina chaji, upange saa, kisha uichomoe na uitazame. Kioo kikibaki na saa, lipa. Kikizimika, mrudishie hata akikuapia ni orijino. Angalia na miguu yake pia: yenye miguu miwili ya duara itakulazimisha ununue adapta, na adapta za bei chee zinaungua.

2. Seachem Flourish Excel

Hapa nina upendeleo na sioni haya. Mtengenezaji anaiuza kama chakula cha kaboni kwa mimea, lakini sisi wafugaji tunaijua kwa kazi nyingine: zile ndevu nyeusi za mwani zinazong'ang'ania pembeni mwa majani. Zima filta, vuta kipimo cha siku kwenye bomba la sindano lisilo na sindano, kipulizie taratibu juu ya ndevu zenyewe, subiri dakika chache, washa filta. Zikianza kugeuka waridi au wekundu ujue zinakufa.

Kipimo cha kwenye lebo: mililita 5 kwa lita 40 siku ya kwanza au baada ya kubadilisha maji mengi, kisha mililita 5 kwa lita 200 kila siku au siku moja baada ya nyingine. Usiongeze kwa hasira. Na ukiwa na valisneria, ile yenye majani marefu kama utepe, nenda polepole, inaweza kuyeyuka.

3. Haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa

Rahisi, inafanya kazi. Tumia ya asilimia 3, isizidi mililita 1 kwa lita 4 za tangi. Ya asilimia 6 ichanganye kwanza na maji kiasi sawa. Basi.

4. Samaki na konokono

Wanaouzwa kama "wala mwani" wengine wanafika sentimita 25 na zaidi na kugeuka wakorofi. Konokono wa kuokotwa ufukweni mwa ziwa ndio kabisa msiwaguse: baadhi yao ndio wanaobeba kichocho, na wewe mikono unaitumbukiza humo kila wiki.

5. Dawa za bluu zisizo na jina

Nyingi ni shaba, ndugu wa mrututu. Mwani utakufa, na konokono na kamba wako nao.

Sasa wauzaji. Chupa ya Excel ya mililita 250 kwenye tangi la lita 100 inakwenda karibu miezi mitatu, kwa hiyo bei yake halali naivumilia. Nisichovumilia ni kumiminiwa kwenye kichupa cha maji ya kunywa, bila lebo, kwa bei inayokaribia chupa nzima. Ukihoji unajibiwa, "Dada, mzigo umetoka Dar, usafiri juu." Usafiri wa kitu kinachoingia kwenye mkoba! Na hujui kama kimeongezwa maji, wala mtoto akikikuta mezani hajui kama si maji. Mimi nataka chupa iliyofungwa, lebo inasomeka, tarehe ipo, au nabaki na hela yangu.