Uzoefu wangu: flashi kwenye shata ya kielektroniki

Natumia kamera isiyo na kioo cha ndani (mirrorless), yenye sensa (kipande kinachopokea mwanga) ya kawaida ya aina ya CMOS, na flashi ndogo ya triga ya redio. Kwa shata ya mitambo, yaani mapazia mawili yanayopita mbele ya sensa, hadi 1/200 ya sekunde mambo ni shwari. Kasheshe huanza ukiwasha shata ya kielektroniki: sensa haisomi picha yote kwa mkupuo, inasoma mstari baada ya mstari kutoka juu kwenda chini, na kwenye kamera hii kazi hiyo huchukua takriban 1/20 ya sekunde, yaani milisekunde 50.

Namba hiyo ni nadra kuikuta kwenye kijitabu cha maelekezo, ila kuipima ni rahisi. Elekeza kamera kwenye ukuta unaomulikwa na taa ya LED inayopepesa (zile nzuri hazipepesi, hazifai hapa), weka shata ya 1/2000 ya sekunde, piga, kisha hesabu michirizi ya giza. Umeme wa hezi 50 hupepesesha taa mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo michirizi 5 ni 5/100 ya sekunde, yaani zile milisekunde 50.

Sasa chukua shata ya 1/200. Kila mstari unabaki wazi milisekunde 5 tu. Flashi ikiwaka kwa milisekunde 1, inaikuta wazi zaidi kidogo ya moja ya kumi ya mistari yote. Picha inatoka nyeusi, katikati ukanda mwembamba wa mwanga. Ukiongeza nguvu ya flashi, ukanda unaungua na giza linabaki palepale. HSS (flashi kumulika kwa mfululizo wa haraka ili ifuate shata za kasi) nayo haiokoi, maana imetengenezewa pazia linalovuka kwa milisekunde chache, si 50. Ndiyo maana kamera nyingi hugoma kabisa kuwasha flashi katika hali hii, na kwa kweli siwalaumu watengenezaji.

Kinachofanya kazi ni kuacha shata wazi muda mrefu kuliko usomaji. Naweka shata ya sekunde 1, ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) 100, apecha (tundu la lenzi) f/8, chumba giza. Kwanza napiga bila flashi: picha isipokuwa nyeusi tii, nabana apecha au nazima taa zilizobaki, la sivyo kinachosogea kitaacha mzuka. Kisha shata ikiwa wazi nabonyeza kitufe cha majaribio cha flashi, nguvu 1/32 au chini, na matone ya maji yanaganda vizuri. Ikiwahi ndani ya zile milisekunde 50 za mwanzo, chini ya picha panakosa mwanga. Ikichelewa hadi usomaji uanze, juu ndipo panakosa.

Kwa watu wanaotembea njia hii haifai. Hapo natumia pazia la kwanza la kielektroniki na la pili la mitambo: kelele hupungua na flashi inafuata bila ukanda. Sony A9 III, inayofungua na kufunga mistari yote kwa pamoja, inakubali flashi hadi 1/80000 ya sekunde, ingawa ISO yake ya msingi inaanzia 250.

Kwenye video, flashi ya mpiga picha mwingine hugawanyika: nusu fremu hii (picha moja ya video), nusu inayofuata. Mimi huzifuta fremu zote mbili na kurudufu fremu ya jirani.