Akupresha kwa maumivu ya kiuno: uzoefu wangu Mtwara

Mimi ni mbanguaji wa korosho. Kazi ya kukaa chini umeinama mchana kutwa, kwa hiyo kiuno kimekuwa kikiniuma kwa miaka. Hospitali walinipiga picha, wakasema mifupa ni mizima, shida ni misuli. Dawa za maumivu nikazitumia mpaka tumbo likawa linaungua. Shoga yangu wa Mikindani ndiye aliyenielekeza kwa dada mmoja Chikongola anayefanya akupresha, ule utaalamu wa Wachina wa kubonyeza sehemu maalumu za mwili, bila sindano. Mara moja Sh 15,000.

Nilidhani nitachuliwa kwa mafuta ya nazi kama tulivyozoea. Wapi! Unabaki na nguo zako. Anapapasa kwa kidole gumba, akiipata pointi anakandamiza dakika moja au mbili bila kuhama, na kwa kweli inauma. Kwangu zilizofanya kazi ni mbili: ya kiunoni, upana wa vidole viwili kutoka katikati ya uti wa mgongo, kila upande, na ya nyuma ya goti kwenye mkunjo. Hii ya goti anakwenda nayo taratibu maana pana mishipa mikubwa ya damu.

Pointi ya mkononi, kati ya gumba na kidole cha shahada, inasifika kwa kichwa na shingo. Mimi ilinishinda. Mafuta ya maganda ya korosho yamenibabua, na ngozi yenye kidonda haibonyezwi. Mjamzito naye haguswi hapo. Dada aliniuliza mapema kama nina mimba, nikampa alama.

Alama hizo alizipoteza aliposema inaponya na kisukari. Maumivu yangu yenyewe hayajapona! Yamepungua, usiku nalala, lakini kazi ikichanganya yanarudi. Na kama miguu inakufa ganzi au mkojo unakupita bila kujua, usipoteze nauli kwenda huko, nenda hospitali.

Siku hizi najibonyeza mwenyewe nyumbani. Naweka mpira wa tenisi kati ya ukuta na nyama ya kiuno (si juu ya mfupa), naegemea polepole huku navuta pumzi. Alinifundisha siku ya kwanza, ndiyo maana sikuiona bei kubwa. Ukimkuta anayeficha pointi ili urudi kila wiki, tafuta mwingine.